Saa Inayotaka Wimbo

Wiki jana nilikuwa kwenye kaunta ya kampuni moja ya malori hapa Voi, nikifuatilia mzigo wangu, nikakuta madereva watatu wanafanyiwa intavyuu. Taa nyekundu inatokea kwenye laptopu, unabonyeza haraka, mashine inakuhesabia umechelewa sehemu ngapi za elfu za sekunde. Nafasi ni moja.

Karani alikuwa amefungulia nyimbo za injili kwenye laptopu hiyo hiyo. Bosi akatoka ndani, mkono kiunoni. "Zima hiyo kelele! Hapa ni kazini ama ni krusedi?"

Ikazimwa. Wakabonyeza mmoja mmoja. Wote watatu, 218.

"Mmepanga?" bosi akafoka.

Mmoja wao, mama wa Chawia, dereva wa miaka mingi, akajibu polepole. "Mzee, mwanzoni tulipojaribu na wimbo namba zetu zilikuwa zinaachana."

Karani akajikuna shingo. "Ni kweli, bosi. Hii mashine haiangalii saa kila wakati. Inasinzia, inachungulia, inasinzia tena. Wakibonyeza ikiwa imesinzia, wote wanapewa namba moja ikiamka. Lakini wimbo hautaki kukatika, kwa hivyo unaiamsha kila mara."

Wimbo ukarudishwa. Mama wa Chawia akapata 209, wenzake wakabaki nyuma. Bosi hakuamini. Akavuta kiti, akabonyeza mwenyewe.

461.

Akaitazama ile namba, kisha akamtazama karani. "Zima huo wimbo."

Sasa najua kwa nini ofisi nyingi za hapa kwetu ziko kimya hivyo.