Springi ya Upande wa Dereva

Nilimpoteza mtani wangu kwa sababu ya springi mbili za mbele za Landrova. Watu wa rika langu wanaokumbuka kwamba tuliacha kusalimiana hudhani tuligombania shamba, au mwanamke, maana hayo ndiyo mambo yanayoeleweka. Sijawahi kuwasahihisha.

Mimi ni Mhehe. Yeye alikuwa Mngoni wa upande wa Songea. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, na walipochoka wakabaki watani. Neno ambalo mtu mwingine akikuambia utamvunja meno, mtani akikuambia unacheka, kisha unatafuta baya zaidi la kumrudishia. Mtani hakasirikiwi. Hiyo ilikuwa sheria, na hakuna shule iliyotufundisha.

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa ofisi moja mjini Iringa, na nyumba yangu ilikuwa Kihesa. Yeye alikuwa fundi katika karakana ya magari ya barabara, akikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Aliishia darasa la nne. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nimekitia kwenye fremu ya kioo, kimetundikwa sebuleni mahali ambapo kila mgeni lazima akione. Nakitaja kwa sababu nacho kimo katika kosa.

Landrova niliinunua kwenye mnada wa misheni. Ilikuwa ndefu, bodi la bati limefungwa hadi nyuma, na magurudumu yote manne yalivuta. Hilo ndilo lililonivutia, kwa kuwa baba yangu alikaa juu milimani, mahali ambapo masika hapakufika gari jingine lolote. Lakini mbele ilikuwa imechakaa kabisa. Ikipita kwenye shimo ilipiga kelele kama sufuria tupu zinazoporomoka, na ukikanyaga breki ilikimbilia kushoto.

Mtani alilala chini yake dakika chache, akatoka na vumbi kichwani.

"Kamwene, mla mbwa," aliniambia, salamu ya Kihehe na tusi la utani kwa pamoja. "Umeuziwa jeneza lenye usukani."

"Litatengenezeka?"

"Mkononi mwa Mhehe, hapana. Mkononi mwangu, ndiyo. Wewe kazi yako ni kushika spana na kunyamaza."

Tuliipandisha kwa jeki nyuma ya nyumba, tukaiegemeza juu ya magogo ya mti wa mlingoti, tukatoa magurudumu ya mbele. Kazi ilikuwa Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada, wiki baada ya wiki. Bolti zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zimekuwa kitu kimoja na bushi zake, zile pete zinazopitisha bolti kwenye ncha za springi. Tulizimwagia mafuta ya taa, tukazigonga, tukazimwagia tena. Mbili zilikataa katakata, tukazikata kwa msumeno wa chuma, kwa zamu.

"Shemeji!" alimpigia mke wangu kelele. "Leta maji, mumeo amekata uzi mmoja tu wa bolti na anataka kufa."

"Mvumilie," mke wangu alijibu kutoka jikoni. "Tangu azaliwe hajawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu."

Tulicheka sote watatu. Nataka ieleweke kwamba tulicheka, na kwamba hadi hapo sikuwa na neno baya moyoni juu ya mtu yule.

Kila springi ilikuwa fungu la vyuma bapa vilivyopinda, kirefu juu na vifupi vikifuata chini yake. Alizifungua moja moja, akanipa brashi ya waya nisugue kutu. Baadaye tulipaka grisi katikati ya vyuma hivyo, akavifunga tena. Bushi mpya zilinichukua miezi kuzipata, maana vipuri vilikuwa adimu, na mwishowe dereva mmoja wa lori aliniletea kutoka Dar es Salaam. Lakini kuziingiza kulihitaji jiriwa kubwa ya kubania vyuma, na jiriwa kubwa ilikuwa karakana kwao. Basi Jumatatu alizipakia springi zote mbili kwenye mkokoteni akaenda nazo. Alizirudisha Alhamisi. Siku tatu springi zangu zilikuwa mahali nisipoziona.

Wiki hiyohiyo, gari la mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Landrova kama yangu, iliyokuwa imelala miezi kwa kuvunjika springi, lilionekana likipanda kilima cha mjini bila shida. Nilijua nani alikuwa fundi wake.

Ijumaa jioni niliziweka springi zangu sakafuni barazani, migongo juu, nizitazame zilivyong'aa. Moja ilisimama juu kuliko nyingine. Nikachukua rula na uzi, nikapima. Tofauti ilikuwa kama upana wa vidole viwili. Nikapima tena, nikaandika kwenye daftari, nikachora na mchoro. Kichwani mwangu jambo lilikuwa wazi kama hesabu ya ubaoni: gari lina pande mbili zinazolingana, basi springi zake lazima zilingane. Kama hazilingani, moja si yangu.

Kesho yake alipokuja na spana zake, wanaume wawili wa jirani walikuwa wamesimama uani. Nikamwuliza mbele yao.

"Mtani, springi yangu nyingine iko wapi? Hii moja imeinama."

Hata hakuzitazama.

"Nimeila," alisema. "Ninyi mnakula mbwa, sisi Wangoni panya wakiisha tunakula chuma."

Majirani walicheka. Nami nilionyesha meno. Kama ningeuliza mara ya pili, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, angejibu kweli. Sikuuliza. Nilisema naumwa kichwa, kazi tuiache, nikaenda moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwambia mtu yule amebadilisha springi yangu na amekiri mbele ya mashahidi.

Balozi akaniuliza, "Amekiri, au ametania?"

"Balozi, mimi nina vipimo."

Tuliitwa Jumapili. Walikuwapo balozi na mkewe, na wale majirani wawili. Mtani aliingia akicheka, akaketi kwenye kigoda kabla ya kukaribishwa.

"Balozi, andika," alisema. "Mshitakiwa alikula springi kwa ugali, na mboga ilikosa chumvi."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeweka daftari mezani, limefunguliwa kwenye mchoro. Aliliona. Akanigeukia, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Mtani, unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Kisha akaeleza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayeongea na bwana mkubwa ofisini. Alisema springi zile ndivyo zilivyotoka garini. Ile iliyo juu ni ya upande wa dereva, ambako dereva hukaa kila siku na tangi la mafuta liko chini ya kiti chake. Ile ya chini ni ya upande wa pili.

"Jambo hilo limeandikwa kitabu gani?" nilimwuliza.

"Kitabu sina. Nimezifungua nyingi."

"Basi ni maneno yako tu."

Niliyasema hayo. Mke wa balozi aliinamisha kichwa. Balozi alijaribu kutuambia tufunge gari kwanza tuone, nami nikakataa, nikataka nyumba ya mtani itazamwe. Nilikuwa na haki, nilisema. Tukaenda wote. Tulipofika, mke wa mtani alikuwa anachambua maharage mlangoni, akasimama na ungo mkononi asijue aweke wapi. Majirani hawakutaka kugusa kitu. Ni mimi niliyeinua magodoro ya watoto. Ni mimi niliyesogeza gunia la mahindi. Uani tulikuta vipande vya vyuma vilivyovunjika, vya magari mengine, na hakuna hata kimoja kilichofanana na changu.

"Umemaliza?" mtani aliniuliza.

Nilisema nimemaliza. Nikatoka.

Gari nililifunga mwenyewe, nikisaidiwa na tarishi wa ofisini. Kwa kuwa lilikuwa likikimbilia kushoto, niliona kushoto ndiko kunakohitaji nguvu, nikaweka springi ndefu huko. Liliposhuka kutoka kwenye magogo, lililala upande wangu wa usukani kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Nami nikawaonyesha wale majirani wawili: mnaona? Mnaona alivyonifanyia? Niliendesha hivyo miezi mingi, nimekaa mshazari, na kila nilipopita nyumba ya tatu watoto waliokuwa wakinikimbilia zamani waliingia ndani.

Kisha nilipata uhamisho wa Mbeya. Huko Mwanjelwa kulikuwa na fundi mzee, Mnyakyusa, aliyenitengenezea breki. Alitembea mbele ya gari, akasimama, akainamisha shingo.

"Baba, nani alikufungia springi hizi?"

"Mimi."

"Umezigeuza. Ndefu ni ya dereva."

Nilimwambia haiwezekani. Hakubishana. Alinipeleka nyuma ya banda, palipokuwa na springi mbili mpya za gari la namna hiyohiyo, bado zina mafuta ya kiwandani. Akaziweka chini, migongo juu. Moja ilisimama juu ya mwenzake upana wa vidole viwili. Sikuhitaji rula.

Alizibadilisha zangu siku hiyohiyo. Landrova ilisimama sawa kwa mara ya kwanza tangu niinunue, na breki nilipozikanyaga haikukimbilia kushoto tena, ilinyooka kama mshale. Kazi ya mtani ilikuwa safi toka mwanzo, bushi zake, grisi yake, bolti zake zote.

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni safari ya siku moja, na gari sasa lilikuwa zima. Ningeweza kwenda Jumamosi iliyofuata. Nilianza barua, nikaichana. Nilianza nyingine, nikaiona imejaa maelezo kuliko toba, nikaichana nayo. Zaidi ya mwaka ulipita. Nilipokwenda Iringa kikazi nilifanya shughuli zangu mjini na kurudi bila kukanyaga Kihesa.

Ndipo baba yangu akafa. Nilipofika milimani na Landrova, nilikuta lori la watu wa Kihesa limekwama njiani na wenyewe wamemalizia kwa miguu. Balozi alikuwapo na mkewe, na wale majirani wawili. Na mtani alikuwapo. Alikuwa ameshavua shati, yumo kaburini hadi kiunoni, anachimba.

Kwetu mtani msibani ana kazi yake. Huzuia maiti isitoke mpaka apewe chochote. Hulala kaburini akisema nafasi ni yake. Humwigiza marehemu, anavyotembea, anavyogombeza, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Watu walikuwa wakimngoja aanze. Alichimba, akatoka, akapanga mawe, hakusema neno.

"Mtani, mbona kimya?" baba yangu mdogo alimwuliza. "Kaka yangu tumzike kama mkimbizi?"

"Leo nimekuja kama jirani, baba," alijibu kwa adabu.

Akaenda nyuma ya ghala kunawa. Nikamfuata. Alikuwa anasugua udongo kwenye jembe kwa gunzi la mahindi.

"Mtani," nilisema, "zile springi. Nimejua kule Mbeya. Zote mbili zilikuwa zangu."

"Nilikuambia."

"Nimekosa. Nisamehe."

Aliendelea kusugua. "Uliniita mwizi ukiwa wapi?"

"Kwa balozi."

"Balozi yule pale, amekaa kwenye benchi. Mkewe yupo. Wale wawili nao wapo. Nenda kaseme pale ulichosema hapa. Ukimaliza, nitakuja nimwigize mzee wako mpaka mama yako acheke."

Nilichungulia penye kona ya ghala. Kwenye benchi lile, pamoja na balozi, walikuwa wamekaa wakwe zangu, mchungaji, na mkuu wangu wa zamani wa ofisi aliyeacha gari lake njiani akapanda kwa miguu. Niliona jinsi wote watakavyogeuka kunitazama. Nilimfikiria mkuu akisikia kwamba karani wake aliinua magodoro ya watoto wa mtu.

"Tumzike mzee kwanza," nilimwambia. "Nitasema matanga yakianuliwa."

"Haya," alisema. Akaegemeza jembe kwenye ukuta wa ghala, akaondoka.

Tulimzika baba bila mtu wa kumwigiza. Mama yangu aliuliza mara mbili watani wamekwenda wapi. Jioni ile watu wa Kihesa walishuka kulifuata lori lao, naye akaenda nao, na matanga yalipoanuliwa nilijiambia kwamba wa kuambiwa hawapo. Nilifurahi kwamba hawapo. Hilo nalo nalikiri.

Baadaye alihamia Mgololo walipoanza kujenga kiwanda cha karatasi, na huko ndiko alikofia. Nilipata habari ikiwa imeshapita miezi. Niliporudi kukaa Kihesa baada ya kustaafu, wale wanne walioisikia kesi walikuwa bado hai, na kila siku nilipishana nao njiani. Balozi alitangulia, kisha mmoja wa majirani, kisha mke wa balozi, kisha yule wa mwisho. Mazishi yote manne nilihudhuria. Kwenye mawili kati yake, kwa kuwa mimi ni msomi na jirani wa siku nyingi, niliombwa nisimame niseme machache. Nilisimama, nikasema mambo mengine.