Stei, Mbwa wa Bure

Mume wangu Felician ana ugonjwa mmoja usio na dawa. Akisikia neno "bure", miguu inaanza kutembea kabla kichwa hakijauliza. Aliwahi kuniletea mlango wa trekta. Mlango wa trekta, jamani, na sisi hata baiskeli hatuna! Alikuwa fundi msaidizi kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali, huku Hanang, na kila kilichotupwa pale yeye alikionea huruma. Si mvivu, sitamsingizia. Anaamka mapema, pombe hanywi kupitiliza, mkono wake haujanigusa kwa ubaya hata siku moja. Ila moyo wake hauna mlango. Ule wa trekta ungemfaa yeye mwenyewe.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Hirbadaw, pembeni kabisa mwa ngano. Mtoto wetu Juliana ndiyo kwanza ametoka kulazwa hospitali ya Haydom, amekonda hadi unaogopa kumbeba. Nesi aliniambia, "Mama, dawa ya huyu sasa ni maziwa. Kila siku maziwa." Na maziwa yenyewe tulikuwa tunayapata kwa ng'ombe asiye wetu. Alikuwa wa Mzee Gidahosh, mfugaji mmoja wa Kibarbaig ambaye malisho yake mengi yalilimwa yakawa ngano. Basi ng'ombe wake akawagawa kwa watu anaowaamini, huyu wawili, yule mmoja, wamtunzie. Maziwa unakunywa, ng'ombe ni wake. Kwetu alimleta jike jekundu na ndama wake.

Sasa fisi wakaanza. Kombaini zilipomaliza kuvuna, hawakuwa na pa kujificha, wakasogea majumbani. Wakala kondoo wetu wawili. Mzee Gidahosh akasikia, akaja na fimbo yake, akasimama nje ya zizi wala hakutaka kiti.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Mama Juliana, nimesikia habari za kondoo. Fisi akimshika huyu ndama, nitakuja kumchukua ng'ombe wangu. Sina ugomvi na wewe."

"Nimekuelewa, mzee."

Hana ugomvi na mimi! Na Juliana je, atakunywa nini? Jioni nikamwambia Felician atafute mbwa. Mbwa wa kawaida tu, anayebweka. Aende kwa jirani yeyote aombe mtoto wa mbwa, mambo yaishe. Wapi! Akarudi kazini meno yote nje.

"Mama Juliana, nimepata mbwa. Mkubwa tayari. Bure."

Nikajua tumekwisha.

Pale shambani kulikuwa na mtaalamu mmoja Mzungu, na mkewe alikuwa na kazi ya kuokota mbwa. Mbwa waliotelekezwa, mbwa waliogongwa na malori ya ngano, mbwa wenye upele, wote aliwakusanya kwenye banda nyuma ya nyumba yake na kuwatibu. Wafanyakazi walimwita Mama Mbwa, akiwa hayupo. Sasa mkataba wa mumewe ulikuwa umekwisha, wanarudi kwao, na mbwa anawagawa. Ila hatoi hivi hivi. Ni lazima kwanza aje kukagua nyumba.

"Akague nini?" nikauliza.

"Nyumba. Kama inafaa."

"Inamfaa nani?"

"Mbwa."

Haki ya Mungu! Mimi mwenyewe niliolewa katika nyumba ile na hakuna mtu aliyekuja kunikagulia.

Haya, mgeni ni mgeni. Nikafagia uwanja, nikachinja jogoo wangu, na sikuwa na mwingine. Felician akavaa shati la kanisani. Mama Mbwa akashuka kwenye gari na mbwa mwenyewe, dume la kahawia, sikio moja limechanika. Nikamkaribisha mezani, nikamnawisha mikono. Unajua alifanya nini? Akachukua paja la jogoo wangu, akaliweka chini mbele ya mbwa! Kisha akamnyooshea mbwa kiganja akasema, "Stei." Mbwa akakaa kitako. Mate yanamdondoka, lakini hagusi. Nikamwangalia Felician. Felician akaangalia dari.

"Mbwa lala wapi?" Mama Mbwa akauliza kwa Kiswahili chake.

"Tutamjengea banda, madamu," Felician akajibu.

"Mvua?"

"Tutaezeka mabati. Okei, madamu."

Aliposema okei, mbwa akalirukia paja. Mama Mbwa akacheka, akamzuia. "Noo, noo. Stei." Mbwa akakaa tena. Ikawa ndiyo hivyo mpaka mwisho. Mbwa atapikiwa uji kila siku? Okei, madamu. Mbwa huyo, analirukia paja. Stei. Atapelekwa Katesh kuchomwa sindano ya kichaa? Okei, madamu. Mbwa huyo. Stei. Hapigwi, hafungwi mnyororo? Okei, okei. Kwa okei ya mwisho hakuzuiwa tena, akala paja na mfupa wake, na mimi nikala ugali na mchuzi.

Nani alikuwa na akili ya kumchunguza mbwa? Mimi nilikuwa nawaza mabati. Tulikuwa nayo machache, ya jiko langu, nimeyasubiri tangu Juliana hajazaliwa.

Wakati wa kuondoka yule mama akapiga magoti, akamshika mbwa uso kwa mikono miwili, akalia machozi kabisa. Akamwambia polepole, "Stei. Stei." Akapanda gari. Mbwa akabaki amekaa pale pale uwanjani, anaangalia vumbi.

"Umesikia?" Felician akasema. "Anaitwa Stei. Jina zuri."

Siku ile ile nikatoa amri kwamba neno okei sitaki kulisikia tena nyumbani kwangu, maana kila okei ilikuwa imenitoa kitu. Felician akaanza, "Oke..." nikamtolea macho. Akasema, "Sawa."

Basi tukaanza kulea mbwa wa bure. Mabati yakaenda kwenye banda lake. Masika yakaja, mbwa analala pakavu, mimi napika nimejifunika gunia kichwani. Felician akampeleka Katesh kuchomwa sindano, wakapanda lori la shamba, na humo ndani kulikuwa na mzigo wa vitenge wa Mzee Saleh, mwenye duka. Mbwa akatapika juu ya vitenge. Vitenge vipya! Mzee Saleh ni muungwana, hakutukana, alisema tu, "Bwana Felician, sasa hivi nimwuzie nani?" Debe zima la maharage yangu likaenda kumtuliza.

Na angekuwa mbwa wa maana ningenyamaza. Lakini ukimwita haji! "Stei, njoo!" Anakaa kitako. "Stei, mfukuze yule kunguru!" Anakaa kitako, anakuangalia kwa adabu kama mtoto wa kipaimara. Namwekea uji, namwita, "Stei, njoo ule," anakaa mbele ya bakuli, anatetemeka, kuku wanakuja wanamaliza uji wote huku yeye anawatazama. Akaanza kukonda. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Letisia anamnyima mbwa wa watu chakula. Mimi! Ikabidi Felician awe anamlisha kwa mkono, tonge kwa tonge, mwanamume mzima.

"Mrudishe," nikamwambia.

"Kwa nani? Wenyewe wameshapanda ndege."

"Basi mpe mtu mwingine. Mwambie ni bure."

Asubuhi moja kulikuwa na ukungu mzito, ule wa kutoona hata choo chako. Felician alikwisha kwenda kazini. Nikamtoa ndama zizini anyonye kidogo ili nikamue. Sijakaa sawa, nikasikia ndama analia. Fisi ameibuka kutoka upande wa ngano, amemkamata mguu wa nyuma, anamvuta.

Nikapiga kelele. "Stei! Stei! Njoo, Stei!"

Mbwa akachomoka bandani kwa kasi, masikio yamesimama. Akasikia jina lake. Akakaa kitako.

"Stei! Anamla! Stei!"

Kila nikipiga kelele ndivyo anavyozidi kujibana chini. Analia, mwili wote unamtetemeka, lakini haondoki. Nikamrushia fisi kibuyu cha kukamulia, kikampita. Nikaona maziwa ya Juliana yanaburutwa kwenda kwenye ukungu, nikapandwa na hasira hata hofu ikanitoka. Nikamwacha fisi nikamgeukia mbwa. Nikamfokea kwa sauti ya mume wangu, namwigiza vile vile alivyokuwa akijipendekeza siku ile.

"Okei, madamu! Kaa hapo ufe! Okei!"

Wee! Sijawahi kuona mnyama anakimbia vile. Alipita miguuni mwangu nikaanguka. Nilichosikia kwenye ukungu ni mbwa na fisi wamekuwa kitu kimoja, halafu fisi analia na sauti inakwenda mbali. Ndama akarudi anachechemea, mguu umechanika lakini mzima. Nyuma yake Stei, sikio la pili nalo limechanika. Sasa yalilingana.

Nikakaa chini pale pale kwenye matope. Ndipo paja la jogoo wangu liliponirudia kichwani. Nikamwambia, "Stei." Akakaa. Nikasema, "Okei." Akanijia, akanilamba matope usoni.

Jumapili kaka yangu Bura, mwalimu wa shule huko Tumati, alikuja kutuona. Nikamwuliza stei ni nini kwa Kiingereza.

"Ni baki," akasema. "Kaa hapo hapo, usiondoke. Kwa nini?"

Felician akaweka kijiko chini. "Kumbe yule mama hakuwa anatutajia jina."

Hakuwa anatutajia jina! Alikuwa anamwomba mbwa wake abaki kwetu, basi. Na mbwa akabaki. Sisi miezi yote ile tunamwambia baki, anabaki, tunamwambia baki, anabaki, halafu tunamwita mjinga. Na neno la kumfungua nilikuwa nimelipiga marufuku mimi mwenyewe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona uchungu. Sikusema nampenda, kwetu mbwa haambiwi maneno hayo. Nilisema tu kwamba kuanzia leo uji wake utatangulia kutoka jikoni.

Mzee Gidahosh akaja juma lile lile. Akaenda moja kwa moja kwa ndama, akamshika mguu, akautazama.

"Fisi amemshika," akasema.

"Amemshika, mzee. Lakini hakumla."

"Nimesikia. Mama Juliana, mimi nahama. Hapa ng'ombe hawana tena pa kukanyaga, kila upande ngano. Nakwenda upande wa Singida, na ng'ombe wangu wote nawakusanya." Akamtazama Stei, aliyelala mlangoni mwa banda lake la mabati. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akamsogelea mbwa, akamkagua meno. "Njia ni ndefu na fisi ni wengi. Ndama huyu hawezi kutembea hivi. Nipeni mbwa. Ng'ombe na ndama wabaki, na si kwa kunitunzia. Wawe wenu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Felician alitajiwa bei ya kitu chake cha bure. Akaniangalia mimi. Juliana alikuwa amekaa kwenye ngozi, kikombe mkononi, maziwa yamemzunguka mdomo. Mashavu ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kurudi. Wewe mwenye mtoto, niambie, ungekataa?

"Mchukue, mzee," nikasema.

Akamfunga kamba shingoni. Nikamfundisha neno la kumkalisha na neno la kumwachia, akayarudia mpaka yakamkaa mdomoni. Wakaanza kuondoka. Stei alikwenda vizuri tu, mkia juu, anadhani ni matembezi. Mimi sikuwa na nia ya kusema chochote, nilikuwa nimekwisha kugeuka niende jikoni. Neno lilinitoka tu, kwa kumuaga.

"Stei..."

Akakaa. Katikati ya njia, kitako chini, kanigeukia. Mzee Gidahosh akavuta kamba, mbwa akaburutika na kitako chake. Mzee akasema lile neno nililomfundisha, tena na tena. Ng'o! Macho yapo kwangu.

"Mama Juliana," akaita, "mbwa wako amegoma."

Felician akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukinyamaza hatakwenda."

Kana kwamba sijui! Nilikuwa najua kuliko yeye. Ningekaa kimya tu, mzee angechoka, angefungua kamba, angeingia zizini kuchukua ng'ombe wake. Nyuma yangu Juliana alikuwa anagonga kikombe kitupu chini, anataka aongezewe.

"Okei," nikasema. Mbwa hakusikia. Nikasema tena. "Okei, baba. Okei, nenda."

Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi, akaenda.

Ng'ombe ni wetu. Juliana sasa ana nguvu za kubishana na mimi kutwa nzima, amefanana na baba yake kichwa na maneno. Na huyo baba yake hajajifunza chochote. Juzi mvua inanyesha, maji yanadondoka kwenye sufuria yangu ya maharage, akaja akasimama mlangoni pa jiko. "Mama Juliana," akasema, "yale mabati ya banda yamekaa bure. Niyahamishie huku?"

Bure! Nikamwambia ole wake ayaguse, nikasogeza sufuria pasipovuja.