Maneno Matatu ya Ukurasa wa Thelathini na Nne

Wote walimwita Mama Pasi, na jina likamkaa. Miaka ishirini na moja alipiga pasi mashuka ya hospitali, katika chumba ambacho madirisha yake yalipigiliwa misumari, akisimama tangu asubuhi hadi miguu inavimba. Alipostaafu alinunua daftari, akakaa kwenye meza ya jikoni, akaandika habari za siku moja tu. Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika mama yake. Machozi yalimjaa machoni, akaunguza shuka, na msimamizi wa dobi akaja kumsimamia kichwani.

"Mbwa wewe, mtoto wa malaya! Kama mama yako unamtaka sana, nenda ukazikwe naye."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo Mama Pasi alivyoandika, neno kwa neno. Hakutia chumvi.

Wakati huo maktaba ya mtaa ilikuwa inakusanya hadithi za wafanyakazi ili itoe kitabu. Mhariri, bwana mpole mwenye miwani, alilisoma daftari lote, akalisifu, kisha akaanza kujikuna shingo.

"Mama, hadithi ni nzuri mno. Ila haya matusi! Kitabu kitasomwa na wanafunzi."

"Nani katukana humo?"

"Si wewe, mama. Lakini kalamu ni yako."

"Mwanangu, mimi sikutukana. Mimi nilitukanwa. Ukiyatoa hayo kinabaki nini? Mwanamke analilia shuka?"

Mhariri akacheka kidogo, akasema ataona la kufanya. Basi akaona! Kitabu kilipotoka, ukurasa wa thelathini na nne ulisema hivi: "Msimamizi alimkemea vikali." Maneno matatu. Uchungu wa miaka yote ulikuwa umefuliwa, ukaanikwa, ukakunjwa vizuri. Mama Pasi aliusoma ukurasa ule amesimama mlangoni, hata viatu hajavua, hasira zikampanda. Adabu gani hiyo, ya kumsitiri aliyetukana na kumziba mdomo aliyetukanwa?

Binti yake alimsihi asiende kwenye uzinduzi.

"Mama, presha itakupanda bure."

"Iache ipande."

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Mama Pasi alikaa mstari wa mbele, kitabu kimefungwa mapajani. Na nani akainuka kati ya wageni waalikwa? Msimamizi mwenyewe, mzee sasa, ndani ya suti iliyonyooshwa barabara, sijui na mkono wa nani. Hana hata chembe ya wasiwasi. Akashika kipaza sauti, akatabasamu.

"Nimeisoma hadithi ya mama yetu huyu, na nimejiona humo. Ni kweli, nilikuwa mkali. Lakini nilimkemea kama mzazi anavyomkemea mwanawe. Nashukuru hakunisahau."

Watu wakapiga makofi. Mhariri naye akapiga, tena kwa nguvu. Kumbe kitabu chake kilikuwa kimemtakasa mtu yule mpaka amekuja kujichukulia sifa hadharani!

Mama Pasi aliinuka. Alimpokonya kipaza sauti bila hata salamu, wala hakufungua kitabu. Aliyasema yale matusi yote tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ileile aliyoambiwa nayo, na alipofika kwenye kuzikwa hakupunguza. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio. Mhariri alikimbilia waya wa spika, akajikwaa kwenye kiti. Makofi yalikatika.

Uso wa msimamizi ulimshuka. Alimsogelea Mama Pasi, akanong'ona.

"Jamani, mama. Mbele za watu?"

"Hata siku ile ilikuwa mbele za watu," Mama Pasi alimjibu, na kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. "Wanawake tisa. Na hakuna aliyethubutu kuinua kichwa."