Ekseli ya Nyuma ya Landrova ya Baba

Kwetu Endasak mji ni wa mtoto wa mwisho. Wakubwa wanaoa na kutoka, mabinti tunaolewa na kutoka, kitinda mimba anabaki na wazazi na kila kilichopo ni chake. Ndiyo mila, na sina ugomvi na mila. Ila kitinda mimba wetu yuko Arusha miaka yote hii anatafuta maisha, na aliyebaki na baba ni mimi, binti niliyerudi kutoka kwa mume, ambaye hata kigoda ninachokalia si changu.

Landrova ya baba ilikatika hafshafti ikiwa imejaa maharage, mlimani. Hafshafti ni kile chuma kirefu ndani ya ekseli kinachotoa nguvu kwenye difu na kuipeleka kwenye tairi. Ilivutwa na ng'ombe mpaka nyumbani, ikaegeshwa kando ya zizi, kuku wakahamia. Baadaye macho ya baba yakaingia ukungu. Aliacha kuizungumzia, lakini kila jioni alikwenda kuipapasa bodi.

Nilimhurumia, na ndiyo maana niliamua kuitengeneza. Lakini nilitaka kitu pia, sitajifanya mtakatifu. Nilitaka siku itakapotembea, baba aseme mbele za watu kwamba binti yake ndiye aliyeitengeneza. Basi. Gari lenyewe wangempa wanayempa.

Mume wangu alikuwa na gereji Babati. Ndoa ilinishinda, spana hazikunishinda.

Hafshafti nyingine niliipata Jorodom, kwenye Landrova iliyofukiwa na tope lililoporomoka kutoka mlimani. Mwenyewe aliniambia nichukue ninachotaka, hakutaka hata kuja kuliangalia gari. Niliifunga kwenye bodaboda, nikarudi nayo nimeikumbatia.

Nilizuia tairi za mbele kwa mawe, nikainua nyuma kwa jeki, nikapanga magogo chini ya ekseli kwa sababu jeki yetu haiaminiki. Nilipovuta hafshafti ikatoka nusu, nusu nyingine ikabaki ndani. Nikakunja waya wa fensi ukawa kitanzi, nikalala ubavu kwenye mavi ya kuku, nikaitafuta kwa kubahatisha tangu nilipomaliza kukamua mpaka ng'ombe waliporudi kutoka malishoni. Ilipotoka nilipiga kelele kama mwehu. Nikamwaga oili iliyojaa vipande vya chuma, nikaosha difu kwa mafuta ya taa, nikaweka sili mpya.

Wanaume waliopita njiani walicheka. "Mama, umekosa shamba la kupalilia?" Baba aliwasikia wote. Alikuwa amekaa pembeni yangu siku zote hizo, akinishikia nati ndani ya kofia yake, akinipa moja moja nilipoomba.

Gari lilipotembea nililia. Nikampandisha baba mbele, tukashuka mpaka barabarani. Huko tukakutana na mzee mmoja wa Getanuwas, mfugaji, rafiki yake wa siku nyingi, anapeleka ng'ombe mnadani. Nikasimamisha gari, nikamwamkia. Aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye gari.

"Imefufuka! Nani kaitengeneza?"

Niligeuka kumtazama baba. Baba akavuta pumzi, akasema, "Mwenye mji."

"Ahaa. Kijana kakomaa," mzee akasema, akaswaga ng'ombe wake akaenda zake.

Nilikuwa nimeshika usukani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nadhani walikuwa na watoto wa kiume tu. Nilirudisha gari nyumbani kwa hasira.

Sikumwuliza. Yeye ndiye aliyenitafuta, nikiwa bado nakusanya spana. "Mpigie mdogo wako, nimwambie gari lake limepona."

Nikapiga, nikaweka spika, nikamshikia simu kwa vidole vyenye grisi. Mdogo wangu alifurahi sana. Alisema atakuja kulichukua Krismasi. Kisha akauliza, "Nani kaitengeneza, baba?"

Hapa hapakuwa na mzee wa Getanuwas. Hapakuwa na mtu wa kumwonea haya, tulikuwa watatu, watoto na baba yao. Nilimwona akisita. Kofia ilikuwa magotini pake, nyeusi kwa oili.

"Fundi," akasema. "Fundi wa hapa hapa."

"Sawa. Ila uwe macho, baba, mafundi wa huko wanaondoka na spana za watu. Zihesabiwe kabla hajaondoka."

Baba aliinamisha kichwa. Nikaisogeza simu mdomoni kwangu.

"Spana zote zipo," nikasema.

Kisha sauti ndogo, ya mtoto niliyembeba mgongoni, ikasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikamwitikia, nikakata simu.