Maji Tuliyowapa Wapimaji

Siku wanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa walipokuja kupima maji ya avenyu yetu, mimi nilikuwa kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini kwetu, nauza sombe, majani ya muhogo. Niliporudi jioni nilimkuta mama mkwe wangu na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu bwana wangu aende Kambove kuchimba madini.

"Tulipata bageni," akasema. "Batoto ba université. Bana adabu, we! Balivua hata viatu."

"Balichota maji ku kisima?"

Akaniangalia kama vile nimetukana. "Kisima gani? Muntu anakuya kwako, unamupeleka kuangalia ile matope? Baliniomba maji yenye tunakunywaka. Nikabapatia mu glasi."

Lazima nieleze. Kisima chetu kiko chini ya mteremko, na vyoo vya nyumba nyingi viko juu yake. Mvua ikianza, maji yanatoka na rangi ya chai ya maziwa, na tumbo la binti yangu mdogo linaharibika, linapona, linaharibika tena. Ndiyo sababu tuliwangoja wale wanafunzi. Mradi uliokuwa umewatuma uliahidi kuchimba kisima kirefu cha bomba kwa avenyu itakayoonekana ina maji mabaya kuliko nyingine. Lakini huku kwetu nyumba inayojiheshimu inakuwa na bido ya wageni, dumu la maji yao peke yao. Maji yake tunanunua juu, kwa masista, na yanakaa chumbani yamefunikwa kitambaa. Wenye nyumba hatuyagusi, hata mtoto akilia kiu. Glasi ile ilitoka kwenye bido hiyo.

Sikuwafuata kuwaeleza. Nilidhani wasomi watakuwa wameona. Mimi niliacha shule mapema, na ninapenda kuamini kwamba aliyeendelea anaona mbali kunipita.

Wakatuita kanisani kusikia majibu. Bwana mkubwa wa mradi alikaa mbele, na mwanafunzi mmoja, kijana mwembamba, akasimama kueleza. Alieleza vizuri, sitamnyima hilo. Hawawezi kupima kila kisima cha kartye, mtaa mzima, akasema, kwa hiyo wanachukua kidogo, échantillon, na kile kidogo kinasemea vyote, kama mama anavyoonja mboga kwa kijiko kimoja. Kabla ya kupima walikuwa na hypothèse. Ni kitu unachodhani kabla hujaona, kisha unakwenda kuona kama ni kweli. Wao walidhani avenyu za chini zina maji mabaya kuliko za juu.

"Lakini tulijidanganya," akasema, na alionekana amefurahi kweli. "Maji ya avenyu hii ya chini njo muzuri kupita zote."

Watu wa avenyu yetu wakapiga makofi. Wakapiga makofi! Mama mkwe wangu alipiga zaidi ya wote. Nilikaa katikati ya makofi yale na mtoto mgongoni, mwili wake una moto, nikatamani kumpiga mtu.

Nikasimama. Labda nilipayuka.

"Monsieur, ile maji mulipima haikutoka mu kisima yetu."

"Mama, ikala!" jirani akanivuta nguo nikae. "Unatuharibisha jina."

"Ilitoka wapi?" kijana akauliza.

"Weye njo unaniuliza? Ulipewa mu glasi, juu ya sahani, na kitambaa chini. Uliona glasi ngapi ya vile mu kartye hii? Kisima iko pale inje, kamba iko, ndoo iko. Mukono yako iko na ugonjwa?"

Wengine wakacheka. Bwana mkubwa akainua mkono. "Mama, science haiendi na makelele."

Nilikaa chini. Lakini yule kijana hakucheka. Watu walipotoka alinifuata mpaka mlangoni akaniuliza kama nyumba nyingine pia zina bido ya wageni. Nikamwambia karibu zote. Ndipo akasema neno biais. Kosa la bahati mbaya linakwenda huku na huku, alisema, lakini hili linaegemea upande mmoja kila mara, hata ungepima nyumba mia. Letu liliegemea upande wa adabu.

Nyumbani tuligombana. "Unanivua nguo mu kanisa," mama mkwe akasema. "Bwana yangu alitumika ku reli mpaka anakufa, hakuna mugeni alikunywa maji ya muchafu kwake."

"Na mutoto je? Yeye haina mugeni, njo anakunywa muchafu?"

Akaingia chumbani. Nataka niwe wa haki: yeye ndiye anayekesha na mtoto nikichoka, na kuchemsha maji yote kunataka makaa mengi kuliko tunayopata. Labda na mimi ningekuwa nyumbani siku ile ningewapa glasi. Sidhani, lakini siwezi kuapa.

Kijana alirudi peke yake, na pikipiki ya kukodi kwa mfuko wake mwenyewe. Safari hii hakuomba. Alichota kisimani kwa mkono wake, kwetu na kwa majirani, na majirani wakanitazama kama mwizi. Aliporudi tena na majibu, uso wake ulikuwa umeshasema. Maji yalikuwa mabaya, kama alivyodhani tangu mwanzo.

"Basi bomba inakuya huku," nikasema.

"Chef amekataa, mama. Fasi ilishachaguliwa, mashini ilishapanda ku avenyu ingine. Lakini nimeandika yote mu limites."

"Limites ni nini?"

"Ni ku mwisho ya travail, kazi yetu ya kuandika, pale tunasemaka vitu vyenye hatukufanya bien."

"Kumbe muko na fasi ya kuviandika," nikamwambia. "Mutoto wangu iko mule? Akunywe limites?"

Aliinamisha kichwa. Yeye ndiye pekee aliyerudi, na ndiye niliyemfokea. Yule bwana mkubwa aliyekataa sikumwona tena. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Bomba lilichimbwa avenyu ya juu. Wale nao wana watoto, na siku ya kupima walitoa maji yao jinsi yalivyo. Siwezi kusema waliiba. Tunapanda huko kuchota. Mara ya kwanza nilipanda na mama mkwe, na wanawake wa foleni wakatuona kutoka mbali.

"Ba-maji-muzuri banakuya!" mmoja akapiga kelele. "Aba, munatafuta nini huku? Si yenu njo ya kwanza? Mulipimwa!"

Wakacheka wote. Nilifungua mdomo nitukane. Mama mkwe akanishika mkono, akaweka ndoo yake chini.

"Ile ilikuwa maji ya bageni," akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Yetu iko mubaya. Inaumiza mutoto wetu."

Kicheko kikapungua, hakikuisha. Hakuna aliyetupisha. Na mimi sikumwambia asante, maana maneno yale yalipaswa kusemwa mbele ya wapimaji, si mbele ya foleni. Nilisimama nyuma yake, nikamhamisha mtoto kwenye bega lingine, tukangoja.