Kidude Kilichofungwa Kitambaani

Tangu binti yangu aajiriwe na wale wanaotafuta jotoardhi, yaani mvuke wa moto wa mlimani wa kuzalishia umeme, nilikuwa najua amerudi kabla hajabisha hodi. Alikuwa ananuka mayai viza. Mjomba wake anaziba pua na kusema, "Kuku wetu huyo kaja." Basi naye anamkumbatia makusudi.

Kazi yake ni kushuka bondeni kwenye mashimo ya majaribio, kutumbukiza kipimajoto chenye waya mrefu na kusoma joto la huko chini. Ni mtoto asiyetulia. Tangu mdogo, akiona tundu lazima atie mkono.

Alipoanza kazi alinionyesha kidude cha manjano cha kuvaa kifuani, kinacholia gesi ikizidi. Akaniambia, "Mama, harufu isikutishe. Ikikatika ghafla ndiyo ukimbie. Hapo gesi imeshaua pua."

Maneno hayo sikuyasahau.

Jana jioni alirudi anachekacheka. "Bondeni siku hizi hakunuki kabisa. Tunafanya kazi raha mustarehe."

"Na kidude kinasemaje?"

"Kibovu kile. Kinalialia tu. Bonge ananiuliza nani kanifunga kengele ya mbuzi." Bonge ndiye mwenzake wa kazi.

Nikamtazama mjomba wake. Alikuwa bado ameziba pua, tena safari hii hakutania.

Leo asubuhi, alipokwisha kuondoka, nilifungua kabati nipange nguo zake. Nikakikuta kile kidude kimeviringishwa katika kitambaa cha kichwa, mafundo mawili. Nikakifungua. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri. Sikufunga hata mlango. Nilipanda mlima na ndala zangu za bafuni.

Upepo ulikuwa umelala. Pale ukingoni mwa bonde harufu ya mayai viza ilinipiga usoni. Niliwaona chini, yeye na Bonge, wamechuchumaa kando ya shimo. Nikaanza kushuka. Mara harufu ikakatika, kana kwamba mtu amefunga dirisha, na kidude kikaanza kulia mkononi mwangu. Nikarudi juu mbio.

"Panda huku," nikamwita mwanangu. "Sasa hivi."

Bonge akapunga mkono. "Mama mkwe, umetuletea chai?"

Mwanangu alipanda kwa hasira, anajikwaa, macho mekundu. "Mama, unaniaibisha kazini."

Nilimwekea kidude sikioni. Kilikuwa bado kinalia. Akageuka kumwita mwenzake.

Bonge alikuwa amechuchumaa palepale, kichwa kimeinamia waya kama mtu anayesoma.

"Bonge," akaita. "Bonge, acha utani."

Nikamkamata mwanangu kiuno kwa mikono yote miwili, maana alishaanza kushuka.