Mama Mkwe Ananifundisha Kumjua Mume Wangu

Mhariri, jina langu lifiche, na la kijiji changu pia. Huku kwetu gazeti moja husomwa na mlima mzima, na likishafungiwa chumvi dukani husomwa upya.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mkulima, naishi juu kidogo ya Soni. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Mume wangu alikaa nami miezi miwili tu, akaenda Ulaya kusomea ufundi wa mitambo. Masomo yakaisha, akapata kazi, akabaki huko huko. Mimi nikabaki na mama yake, mjane, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Mtoto hatujajaliwa, na sijui tungejaliwa vipi kwa njia ya posta.

Sasa mume wangu ameandika kwamba naweza kuomba kumfuata. Mwezi ujao natakiwa Dar es Salaam, ubalozini, nikahojiwe. Niende na ushahidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli, si ya kutafutia njia ya kuingia nchini kwao: picha zetu, barua zetu, watu wanaotufahamu. Yeye atahojiwa kule kule aliko, kisha majibu yetu yalinganishwe.

Nilidhani ni kazi ndogo. Cheti cha ndoa ninacho. Lakini kwenye picha za harusi yeye yuko uani na wanaume wenzake, mimi niko ndani na wanawake, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna hata moja tuliyo pamoja. Barua zake zote amemwandikia mama, kwa heshima, nami ndiye ninayemsomea. Mwishoni huwa kuna mstari mmoja: "Nisalimie mwenzangu." Mstari huo huwa nausoma polepole.

Nikaenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, nikampa shikamoo, nikamwomba aniandikie kwamba anatufahamu kama mke na mume. Mzee yule ni mkweli kupita kiasi. Alishika kalamu, akaiweka chini.

"Mwanangu, niandike nini? Mumeo tangu mwoane nimemwona ile miezi miwili tu, mpaka siku ya kupanda basi. Ninaowaona kila siku ni wewe na mkweo. Shamba la ujamaa mnakuja wawili, wewe unalima, yeye anapukuchua mahindi. Hospitali Lushoto mnakwenda wawili. Hayo naweza kuyaapia."

Nilirudi nalia. Kilichoniuma ni kwamba mzee hakukosea.

Mama aliisikia sauti yangu, akajua. Nilipomweleza akasema, "Basi keti, nikufundishe."

Tangu hapo, kila jioni tukimenya maharage, ananifundisha mwanawe. Hapendi makande yenye nyanya. Ana kovu chini ya goti la kushoto, alianguka kutoka kwenye mti wa peasi. Akikasirika haongei, hutoka kwenda kupasua kuni. Hulala kifudifudi. Mimi nakariri kama mtoto wa shule. Lakini mengi ya hayo ni ya mvulana mdogo, na mwanamume wa sasa simjui. Nikimwaza, hata sauti yake hainijii tena.

Juzi mama alijifanya yeye ndiye afisa wa ubalozi. Akakaa wima, akakohoa, akaniuliza yote, nikajibu yote. Mwisho akauliza, "Na mama mkwe wako ni mtu wa namna gani?"

Nilicheka, nikaanza. Chai anaitaka ya tangawizi, na sukari ikiwa haba hasemi. Mvua ikikaribia bega humuuma kabla wingu halijatokea. Husema ameshiba ili mimi niongeze. Usingizini humwita marehemu mumewe. Hawezi kulala mpaka asikie nimefunga komeo. Nikaendelea tu, mpaka nilipoona mikono yake imetulia juu ya ungo.

"Hayo usiwaambie, mwanangu," akasema. "Watakuuliza utawezaje kuniacha."

Kisha akaendelea kumenya.

Ndugu wasomaji, namtaka mume wangu. Nataka mtoto. Nataka mtu wa kunisemesha kama mke, maana nimechoka kuwa mke wa mstari wa mwisho wa barua. Naogopa nisipokwenda atachoka kungoja, na sitaweza kumlaumu. Nilipomwandikia kuuliza mama atabaki na nani, jibu alimwandikia mama, kwamba atakaa na ndugu zao wa Mlalo. Ndugu hao hawajakanyaga hapa tangu harusi. Mama mwenyewe ananihimiza niende, wala hajatamka hata mara moja kwamba nibaki.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni anapapasa komeo. Analifunga, analifungua, analifunga tena. Hakujua kama nimesimama pale.

Nishaurini, jamani. Niende, au nibaki?